Kichwa cha Treni cha 2009 Kimelala, cha 1986 Kinavuta: Kipi Kiegeshwe, Kipi Kibaki Kazini?

Huko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna machimbo ya mawe ya Merehead na Whatley. Mwishoni mwa 2019 kampuni ya Freightliner ilichukua kazi ya kusomba mawe hayo kwa reli, na pamoja na kazi ikapata vichwa vinane vya treni vya aina ya 59 (huko kila aina ya kichwa hutajwa kwa namba). Vya kwanza katika aina hiyo viliingia nchini Januari 1986. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeagiza vichwa vipya kabisa vya aina ya 70 kutoka Erie, Pennsylvania, vilivyoanza kuwasili 2009. Kwenye karakana ya Midland Road, Leeds, baadhi ya hivyo vya aina ya 70 vimekaa vimepangwa mstari, injini zimezimwa, miaka na miaka.

Mzee yuko kazini, kijana amelala. Ninapoisimulia habari hii kwa wenzangu tunaofuatilia reli, wengi husema upesi kuwa huo ni uzembe. Wengine husema vichwa hivyo ni vibovu tu. Mimi naona majibu yote mawili ni ya haraka mno. Ili kumwelewa aliyeamua, inabidi kukaa kwenye kiti chake: una vichwa vingi kuliko mizigo, fedha ya matengenezo haitoshi wote, na Jumatatu asubuhi lazima useme kipi kinatoka na kipi kinabaki. Basi tuvipange ubavu kwa ubavu tuchague.

| Aina | Ilijengwa lini, wapi | Idadi iliyojengwa kwa ajili ya Uingereza | Nguvu ya injini (farasi) | Mwendo wa juu |
|---|---|---|---|---|
| 60 | 1989–1993, Loughborough | 100 | 3,100 | km 100 kwa saa |
| 66 | 1998–2016, Kanada, kisha Marekani | zaidi ya 450 | karibu 3,300 | km 120 kwa saa |
| 67 | 1999–2000, Valencia, Hispania | 30 | 3,200 | km 200 kwa saa |
| 70 | kuanzia 2009, Erie (kimoja Uturuki) | 37 | karibu 3,700 | km 120 kwa saa |

Ukitazama safu ya nguvu peke yake, 70 kimeshinda kabla ya mchezo kuanza. Ila safu iliyoamua hatima ya vichwa hivi ni ile ya idadi.

66 na 70: wengi dhidi ya wenye nguvu

Aina ya 66 ilianza na agizo la ajabu. Mwaka 1996 kampuni ya EWS, iliyokuwa imetoka tu kununua sehemu kubwa ya usafirishaji wa mizigo wa shirika la reli la taifa, iliagiza vichwa 250 kwa mkupuo kutoka General Motors. Cha kwanza kilishushwa bandari ya Immingham mwaka 1998, na ndani ya miaka miwili hivi vyote vilikuwa njiani. Kampuni nyingine zikafuata, Freightliner ikiwamo, kisha GB Railfreight. Wapenzi wa reli wa huko hukiita "banda" kwa umbo la paa lake. Hakina madaha. Injini yake ni ya mapigo mawili, silinda kumi na mbili, mota zake ni za umeme wa mkondo mnyoofu, na chumba cha dereva kina kelele na joto ambavyo madereva wamelalamikia tangu mwanzo.

Aina ya 70 ilitoka kwa General Electric ikiwa na majibu ya malalamiko hayo: injini ya mapigo manne ya silinda kumi na sita, mota za mkondo geu zinazoshika reli vizuri, na mvuto wa kuondokea wa kama kilonyutoni 544 dhidi ya 409 za 66 cha kawaida. Freightliner iliagiza thelathini. Vilipofika ishirini, agizo likasimama hapo. Kimoja hakikuwahi hata kugusa reli ya Uingereza kama mali yenye kazi: Januari 2011, kikishushwa bandari ya Newport, Wales, kiliponyoka kwenye kreni kikaangukia ndani ya meli, kikarudishwa Marekani. Kumi na tisa ndivyo vilivyobaki.

Kumi na tisa. Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo lote. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kundi dogo la vichwa lina shida hiyohiyo. Kila aina ya kichwa inataka akiba yake ya vipuri, mafundi waliosomea injini yake, na madereva waliofunzwa kukiendesha. Gharama hizo ukizigawa kwa vichwa zaidi ya mia moja, kila kimoja kinabeba kidogo. Ukizigawa kwa kumi na tisa, kila kimoja kimeelemewa. Na 66 kikiharibika Crewe, karibu kila karakana nchini ina mtu anayekijua. 70 kikiharibika mbali na nyumbani, kinangoja.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na 70 kilikuwa na vidonda vya utotoni pia. Miaka ya mwanzo hakikutegemeka kama ilivyotarajiwa. Naamini hayo yangetibika, kwa sababu aina nyingi huanza hivyo, na 60 kilianza vibaya kuliko hicho. Kilichokosekana ni muda, maana kazi iliyoviagiza ilipotea vingali vichanga.

Makaa ya mawe yalivyoondoka

Mwaka 2012 makaa ya mawe yalizalisha karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Treni zilizunguka usiku na mchana kati ya bandari, migodi na vituo vya umeme, nzito na za mara kwa mara, na kila mzunguko ulidai kichwa chenye mvuto. Aprili 2015 serikali ilipandisha tozo ya kaboni hadi paundi 18 hivi kwa tani, karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Wenye vituo walijaza maghala yao kabla ya tarehe hiyo, kisha simu za kuagiza treni zikanyamaza. Mwaka 2016 pekee vilifungwa Longannet, Ferrybridge na Rugeley. Mwaka huohuo sehemu ya makaa katika umeme ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9 hivi. Cha mwisho kabisa, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024.

Fikiria wewe ndiye mwenye vichwa. Uliagiza mashine za kudumu miaka thelathini na zaidi kwa ajili ya mzigo ulioisha ndani ya miaka miwili. Makontena yapo, lakini makontena yanataka mwendo zaidi kuliko mvuto. Mawe na kokoto za ujenzi zinaongezeka, ila hazijazi pengo siku ileile. Lazima vichwa kadhaa vilale, na suala ni vipi tu. Ukivilaza vichwa kumi na tisa vya aina moja, umeokoa akiba nzima ya vipuri na mafunzo ya aina hiyo. Ukilaza 66 kumi na tisa kati ya mia na kitu, umeokoa mafuta na matengenezo ya vichwa kumi na tisa, basi. Hesabu hiyo haiulizi nani amezaliwa lini.

Ndiyo sababu 59 cha 1986 hakinishangazi. Kilikuja pamoja na mkataba wake na madereva wanaokijua. Kampuni ya mawe ya Foster Yeoman ndiyo iliyokiagiza, ikitaka vichwa vinavyopatikana asilimia 95 ya muda, na ndicho kilichowafungulia General Motors mlango wa Uingereza. 66 ni mdogo wake wa damu. Mzee huyu ana kazi moja, anaijua, na kazi yenyewe haijaondoka.

66 na 66: aina moja, bahati mbili

Hapa ndipo dai la "vimeegeshwa kwa kuwa ni vibovu" linapoanguka kabisa. Warithi wa EWS, ambao leo ni DB Cargo UK, walikuwa na 66 vingi mno baada ya makaa kuondoka. Makumi yao walikuwa tayari wamevushwa kwenda Ufaransa, wengine Poland. Wengine waliegeshwa kwenye uwanja wa reli wa Toton. Wakati huohuo GB Railfreight ilikuwa inakua na haikuwa na vichwa vya kutosha, ikawa inavisaka 66 vilivyotumika hadi Uholanzi, Ujerumani na Sweden. Mwishoni mwa 2017 ilichukua kumi kutoka kwa DB Cargo yenyewe.

Kichwa kilekile, karakana moja kimezidi, karakana nyingine hakitoshi. Mizigo haigawanywi sawa kati ya kampuni. Aliyepoteza mkataba anaegesha na aliyeupata anatafuta, na kwa miezi kadhaa mashine nzima inaweza kukaa kimya kati ya hao wawili kwa sababu hawajaelewana bei, au kwa sababu mwenye nayo hataki kumpa mshindani wake silaha. Hilo la mwisho halitangazwi, lakini yeyote aliyefanya biashara analitambua.

Kuna na jambo la sheria za moshi. Viwango vipya vya Ulaya vilifunga mlango wa kujenga 66 vipya. Vya mwisho viliingizwa kwa msamaha maalumu, na kikamilisho chao, namba 66779, kilifika 2016. Tangu hapo kila 66 kilicholala kina thamani ambayo hakikuwa nayo kilipokuwa kinaweza kuagizwa kwa simu. GB Railfreight ilifikia hatua ya kuchukua magamba ya aina ya 56, yaliyojengwa kati ya 1976 na 1984, na kuyatia injini ya ukoo uleule wa 66 huko Longport. Vikaitwa aina ya 69, kumi na sita kwa jumla, na vya kwanza vikaanza kuonekana kazini 2021. Walichagua gamba la zaidi ya miaka 35 lenye moyo ambao mafundi wao tayari wanaujua. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo.

60: aliyelazwa akiwa kijana, akaamshwa

Aina ya 60 ndiyo iliyonifundisha kutokata tamaa na kichwa kilichoegeshwa. Waingereza hukiita "tagi", kama zile za bandarini, kwa jinsi kinavyokokota mzigo mzito polepole bila kuteleza. Vilijengwa mia moja na kampuni ya Brush, vya mwisho 1993. Miaka michache tu baadaye 66 vikaanza kumiminika, na EWS ikaanza kuvilaza 60, vingine vikiwa na umri wa miaka kumi na kidogo. Injini yake ya Mirrlees ilikuwa ya Kiingereza, ya silinda nane, haipatikani kwenye kichwa kingine chochote cha maana, na waliokuwa wakiitengeneza Stockport hawaitengenezi tena.

Kuanzia 2011 warithi wa EWS waligundua tena kuwa kwa treni za mafuta na chuma, 60 kimoja kinafanya kile ambacho 66 kinafanya kwa jasho. Wakavifanyia ukarabati mkubwa kama ishirini hivi. Mwaka 2014 Colas Rail ilinunua kumi vya kujikarabatia, na 2018 vikahamia GB Railfreight. Baadaye vile vilivyobaki kwa DB vikaanza tena kulala kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo kichwa kimoja kimeweza kulazwa, kuamshwa na kulazwa upya bila kosa lake lolote.

Kwa mvuto ningekichagua 60 mbele ya 66 siku yoyote. Kwa kupata vipuri mwaka 2030, nisingethubutu.

67: mbio bila barua

Hiki hakihitaji maneno mengi. EWS iliagiza thelathini kwa ajili ya treni za posta, kilomita 200 kwa saa. Royal Mail ikauondoa mkataba huo, na kufikia 2004 kazi ilikuwa imekwisha, vichwa vikiwa na miaka minne. Vina ekseli nne tu, ni vyepesi mno kwa kuvuta mzigo mzito, na kampuni ya mizigo haina haja ya mwendo huo. Viwili vilipata kazi ya heshima kwenye treni ya kifalme, vingine vikakodishwa kwa treni za abiria, vingine vikaegeshwa. Ukiagiza mashine kwa mkataba mmoja, hakikisha mkataba ni mrefu kuliko mkopo.

Saa zilizobaki kwenye injini

Ndani ya aina moja, nani alale? Mara nyingi jibu liko kwenye daftari la saa za injini. Kila injini ina kikomo chake cha kufunguliwa yote: pistoni, mabomba, beringi, turbo. Matengenezo hayo ni ghali. Meneja mwenye vichwa vya ziada hafungui injini iliyofika kikomo. Anakiegesha kichwa hicho, anachukua jirani yake mwenye saa zilizobaki, na anasukuma mbele siku ya kulipa. Kwa nje mtu ataona kichwa kilichopakwa rangi jana kikiwekwa kando, na chakavu kikiendelea. Rangi haimo kwenye daftari.

Kuna pia mifumo ya usalama ya ndani ya kichwa. Redio mpya za mawasiliano zilipoenea kwenye mtandao wa Uingereza, kichwa kisichokuwa nazo hakikuruhusiwa kuongoza treni. Sasa zamu ni ya mfumo wa Ulaya wa ishara za ndani ya kibanda cha dereva, unaoingia kwenye reli kuu ya mashariki. Kila aina inataka usanifu wake wa kwanza kabla ya kufungwa kwenye vingine, na gharama ya usanifu huo ni nyepesi kwa kundi la mamia, nzito kwa kundi la kumi na kitu. Idadi tena.

Na usidhani ni dizeli tu zinazolala. Oktoba 2021 bei ya umeme wa kuvutia treni ilipanda zaidi ya mara mbili, Freightliner ikaviegesha kwa muda vichwa vyake vya umeme vya aina ya 90 na kurudisha dizeli. Kwa mazingira ilikuwa hatua ya kuumiza, na nilisikitika. Kwa hesabu ya mwezi ule, ilieleweka.

Kulaza kwa joto, kulaza kwa baridi

Uamuzi wa pili ni namna ya kulaza, na hapa makosa ni ghali kuliko kwenye uamuzi wa kwanza.

Kulaza kwa joto ni kukiweka kichwa akiba. Betri zinachajiwa, injini inawashwa kila baada ya muda, kichwa kinasogezwa mita chache ili beringi za magurudumu zisikae sehemu moja. Ndani ya siku moja au mbili kinaweza kutoka. Kwenye mfumo wa kompyuta wa TOPS, DB ilikuwa na kundi la namna hiyo kwa herufi WNTR. Kulaza kwa baridi ni kumwaga maji ya kupozea kabla ya majira ya barafu, kutoa betri, kuziba bomba la moshi mvua isiingie kwenye silinda, na kukiacha. Herufi WNXX maana yake kimelala na hakifai kutoka kilivyo.

Mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba. Unyevu huingia kwenye mota, mpira wa mihuri hukauka, mafuta ya dizeli huota uchafu kwenye tangi, ukaguzi wa breki hupitwa na tarehe. Kisha siku moja fundi anahitaji pampu kwa ajili ya kichwa kilicho kazini, duka limekauka, na pampu ipo pale mita hamsini kwenye kichwa kilicholala. Anaifungua. Wiki ijayo ni turbo. Hakuna aliyeamua kukiua, lakini kila pampu inayotoka inaongeza bei ya kukiamsha, mpaka bei hiyo inapita thamani yake.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ikiwa kampuni inataka kichwa kiwe ghala la vipuri, iseme hivyo waziwazi, ichague kimoja kibovu kuliko vyote, na ikilinde kilichobaki. Kuvua vichwa kumi kidogokidogo ni kupoteza kumi.

Basi uchague kipi?

Ikiwa mzigo umepungua kwa msimu tu, laza kwa joto, na walale wa aina iliyo nyingi, kwa sababu hao ndio rahisi kuwarudisha na kuwapatia dereva. Mzigo ukiwa umeondoka moja kwa moja, kama makaa, laza aina nzima iliyo ndogo, hata ikiwa ndiyo changa, hata ikiwa ndiyo yenye nguvu. Ukiwa na mkataba mmoja mzito usioyumba, kama wa mawe ya Somerset, mwache mzee aliyezoea njia hiyo aendelee, mradi vipuri vyake vinapatikana.

Ukiwa upande wa mnunuzi unayetembea kati ya vichwa vilivyolala, usianze na mwaka wa kujengwa. Uliza saa zilizobaki kwenye injini, uliza nini kimetolewa na kama kimeandikwa, uliza kama redio na mfumo wa ishara ni wa sasa, kisha uliza viko vingapi vingine vya aina hiyo vinavyofanya kazi. Kwa vigezo hivyo, 66 kilicholazwa miaka miwili ningekichukua. 60 ningekichukua ikiwa nimepata na injini ya akiba. 67 ningekikodi tu.

Na zile 70 za Leeds? Mimi nisingezigawa moja moja. Colas Rail inazo kumi na saba, ikiwamo ile ya mfano iliyounganishwa Eskişehir, Uturuki, na huko zinavuta treni za ukarabati wa reli bila makuu. Kumi na saba ukiongeza zilizolala inakaribia kuwa kundi linalostahili ghala lake la vipuri na mafundi wake. Ningeziuza zote kwa pamoja, na vipuri vyake, na vifaa vyake maalumu vya karakana, na daftari za kila injini, kabla pampu nyingine haijatolewa.